Mukwe Wangu na Kitambaa cha Mudomo

Ule mwaka wa gripi, ile homa ya mafua, tulijifunzaka kukohoa bila sauti. Unavuta blanketi mpaka ku meno, unaiuma kwa nguvu, unaacha kikohozi kitokee mu pua polepole, machozi yanashuka yenyewe. Kisha unalala kimya na kusikiliza kama kuko mwenye alisikia. Tulikuwa banafunzi infirmie, ba kazi ya kuuguza bagonjwa, bijana tupu, bengine hata ndevu hazijatoka, na mu ile nyumba yetu ya kulala kila mumoja alikuwa anasikiliza kifua cha mwenzake kuliko alivyosikiliza cha mugonjwa.

Tulijificha kwa sababu mwenye kukohoa alikuwa anapelekwa ku barake, nyumba ya mabati nyuma ya lopitali, karibu na kichuguu kikubwa. Balituambia ni mahali pa kupumzika tu. Lakini tuliona bale benye kuingia, na hatukuona bote bakitoka.

Bantu balisema ile homa ilikuja na tren kutoka Rodezia, ikapita Sakania, stesheni ya mupaka, pamoja na blanketi za basafiri. Sijui. Najua tu ilifika wakati wa baridi, wakati upepo mukavu unaleta vumbi na moshi wa kiwanda mpaka mu macho, na kila muntu anakohoa kidogo hata bila ugonjwa. Njo maana woga uliingia kwetu bila kubisha hodi. Asubuhi tulinawa na maji ya baridi sana, kisha kila mumoja anajigusa paji la uso. Mukono ulikuwa wa baridi, basi paji lilionekana la moto kila siku. Kuko mwenzetu mumoja alikuwa anaiba termometre na kujipima mu choo, na kila mara alipotoka tulimuangalia usoni kama bantu benye kungoja hukumu. Mimi chakula kilikuwa kinasimama mu koo. Nilikuwa nasema moyoni: kama hakishuke, ni ugonjwa; na kwa kuwaza vile kilikuwa hakishuke kabisa.

Mimi ni muntu wa haya. Mu darasa nilikuwa najua jibu, lakini mudomo ulikuwa unakataa mpaka mwingine amesema. Mwalimu alifikiri sikusoma. Heri hivyo kuliko kusimama na bote bananiangalia.

Pembeni yangu alikuwa analala kijana mumoja wa Kasai, na yeye Mungu alimunyima haya kabisa. Mama yake na baba yake balibaki kule mbali. Hapa Elizabethville hakukuwa na ndugu hata mumoja. Kila mangaribi, mbele ya kuzima taa, alikuwa anasimama juu ya kitanda na kushika mudomo na mukono kama konda wa reli mwenye kuita basafiri.

"Tren iko nafika Sakania! Nani anashuka? Leteni tikiti!"

"Nyamaza weye!" mumoja alimujibu.

"Weye kule ku dirisha, uko nakohoa ao uko nasali rozari?"

"Niko nasali."

"Basi sali kwa mudomo, si kwa kifua."

Tulicheka. Hata ule mwenye kuuma blanketi alicheka, na ndani ya kicheko alipata nafasi ya kukohoa yote yenye ilikuwa inamusumbua. Nafikiri rafiki yangu alijua. Nafikiri njo maana alikuwa anafanya vile kila siku.

Masere mwenye kutusimamia, mutawa mufupi, mukali, mwenye miguu haipumziki, alitupa gaze, kile kitambaa chepesi cha bidonda, na uzi tushone bitambaa bya mudomo. Kuanzia ile siku tulifanana bote: bluze nyeupe, kofia nyeupe, gaze mpaka chini ya macho.

"Sasa hata mama yangu akinizaa tena, hatanijua," rafiki yangu alisema.

Basichana ba masomo ya ukunga balipatwa na homa karibu bote, basi paviyo, wodi ya banamuke, ikakosa bantu. Masere akatutuma sisi wawili, mimi na wa Kasai. Safu ya ku mulango ilikuwa yake mwenyewe na infirmie mumoja muzee. Safu ya ku dirisha ilikuwa yetu. "Hapana kuogopa," alituambia mu Kiswahili chake cha haraka. "Kunawa mikono. Kufanya kazi."

Asubuhi ya kwanza nilitembea polepole na beseni, nikafika ku kitanda cha mwisho, pale ukuta unapokutana na dirisha. Muke mwenye kulala pale alikuwa amejifunika shuka mpaka juu ya kichwa. Miguu yake ilitoka chini. Niliangalia ile miguu.

Ilikuwa miguu ya mukwe wangu.

Napashwa kueleza. Ule mama kuko na binti; baba yangu na baba ya ule musichana banafanya kazi pamoja mu kambi ya reli, na balishapatana. Mbele ya mvua kuisha, baba alipeleka kwao kuku na shuka ya kubisha hodi, na ilipokelewa. Nikipata diplome, nitaoa. Mimi mwenyewe na ule musichana tulikuwa bado hatujasema maneno ya kujaza hata kikombe, lakini nilipolala nilikuwa nawaza yeye, na kila kitu nilifanya vizuri mu masomo nilifanya kama yeye iko naangalia.

Na kwetu mwanaume haangalie mama ya muke wake. Hamupe mukono, hakule mbele yake, hakae mu chumba yeye iko. Mukikutana mu njia, weye unatoka mu njia na kuangalia pembeni, na yeye anajifunika na kitenge. Si chuki. Ni heshima, na ina mwisho wake: ndoa ikiisha kufungwa, iko siku mukwe anapika bukari, ule ugali wetu, na mikono yake, anakuita ukule, bakubwa banasema maneno, na haya inatoka. Lakini mbele ya ile siku, ukimushika ku mwili, ukimuosha, ukimubeba sawa vile mutoto anabeba mama yake, basi ulishakuwa mutoto wake. Na muntu haoe dada yake.

Kwao nilikuwa naangalia chini kila mara. Uso wake sikuujua. Miguu yake niliijua kuliko ya mama yangu: ukucha wa kidole kikubwa cha kuume ulikuwa mweusi, pale jembe lilimukata zamani.

Niliacha beseni chini, nikaenda kumushika rafiki yangu ku mukono wa bluze.

"Kile kitanda cha mwisho, fanya weye."

"Juu ya nini?"

"Ni mukwe."

Aliangalia kule, akaniangalia mimi, macho yake yakacheka juu ya gaze. "Ah, mwanetu! Elizabethville yote hii, na yeye anakuja kulala mu safu yako! Haya. Nipe mukwe, twaa bale bazee wawili benye kutapika."

Hivyo tulibadilisha. Nilifikiri mambo imeisha. Nilikuwa nafanya kazi upande mwingine, uso ku ukuta, na rafiki yangu alikuwa anamupa maji na dawa. Lakini alikuwa anarudi kila mara na kutikisa kichwa. Mama hakunywe. Mama hakule. Mama hatoe kichwa mu shuka, na kifua chake kinalia kama mulango wa zamani.

"Ni baridi," nilisema.

"Kama ni baridi, mbona anatoka jasho?"

Bandugu ba bagonjwa hawakuruhusiwa kuingia. Balikuwa banaleta chakula ku ua wa waya, upande wa barabara, na sisi banafunzi tulitumwa kukamata masufuria. Siku moja nikainua macho, na mwenye kushika sufuria mbele yangu alikuwa yeye, ule musichana.

"Ni weye?" aliniuliza. "Na kile kitambaa muntu hajue."

"Ni mimi."

"Mama anakula?"

"Kidogo."

"Usinidanganye."

Niliangalia sufuria. Yeye akashika waya na vidole, akasema kwa sauti ya chini, lakini ya hasira.

"Unajua juu ya nini mama anajifunika? Alimuambia ule mama mwenye kufagia paviyo, na ule mama alituambia. Alisema: mule ndani bijana bote ni sawasawa, macho tupu. Hajue nani kati yenu njo mukwe wake. Basi anaona heri ajifunike mbele ya bote, kutwa. Anaogopa kukosa adabu mbele yako. Unasikia? Mama yangu anakufa mu shuka juu ya adabu!"

Nilikamata sufuria. Ilikuwa ya moto na sikusikia moto mpaka nilifika ndani.

Nilimuambia rafiki yangu yote. Mara hii hakucheka mara moja. Alifikiri, kisha akaenda ku kabati na kurudi na chupa ya ile dawa nyekundu ya bidonda. Akachovya pamba.

"Simama sawa. Usipumue."

Akachora alama kubwa ku kitambaa changu, pale mudomo uko, nyekundu kama nyanya.

"Sasa weye ni sinyale, ile taa ya reli. Akiona nyekundu, anajifunika. Hakuna nyekundu, tren inapita, mama anapumua. Nitamuambia sasa hivi."

Alienda mpaka ku kitanda cha mwisho, akainama ku shuka na kusema. Mimi nilibaki ku mulango, uso ku ukuta, nikiwa na haya mpaka masikio yaliwaka. Nilisikia tu banamuke ba safu yote bakianza kucheka na kukohoa pamoja.

Na ilifaa. Mukwe alitoa kichwa inje. Nilipoingia, mugonjwa mumoja wa ku mulango alikuwa anasema "Nyekundu!" na shuka inapanda, nilipotoka, inashuka. Masere aliniona akasimama. "Ni nini hii? Damu?"

"Dawa, masere."

"Chafu! Badilisha."

Nilibadilisha, na rafiki yangu akachora tena. Bitambaa byetu bilikuwa binachemushwa kila siku, na kila asubuhi alikuwa ananichora upya, ulimi inje kama mutoto mwenye kujifunza kuandika.

Kupitia kwake nikaanza kumujua mukwe wangu. "Mukwe yako anapenda bilolo, zile mboga chungu. Anasema supu ya masere ni maji ya kuoga batoto." Ao: "Leo alinicheka Kiswahili changu. Mimi! Mwenye nilipata ya kwanza mu darasa! Ananiita Mwana wa Kasai." Ao tena, na sauti ingine: "Aliuliza mama yangu iko wapi. Nilisema mbali. Akasema nikunywe ile supu yenye alibakisha." Nilikuwa nasikiliza bile byote na wivu kidogo, naomba Mungu anisamehe.

Kisha ikaja mangaribi yenye tren haikufika Sakania.

Taa ilikuwa bado inawaka. Tulikuwa bote ku bitanda, tunangoja. Rafiki yangu alilala na kunipa mugongo, na nikasikia ile sauti tuliyoijua bote: meno mu blanketi. Nilinyoosha mukono nikagusa bega lake. Lilikuwa la moto, na mara hii mukono wangu haukudanganya.

"Usiseme," alinong'ona.

Hakukuwa na lazima ya kusema. Asubuhi alijaribu kusimama, magoti yakakataa. Masere alikuja na infirmie muzee, bakamushika huku na huku. Ku mulango aligeuka. Uso wake ulikuwa kama majivu, lakini alishika mudomo na mukono, namna ya konda.

"Sakania, mwanetu," alisema. "Mimi nashuka."

Hakuna mwenye alicheka.

Ku barake hatukuruhusiwa kuingia. Lakini njia ya kupeleka bitambaa ku maji ya moto ilikuwa inapita nyuma yake, karibu na kichuguu, na kila nilipopita nilikuwa nagonga bati na kidole. Kutoka ndani alikuwa anagonga pia. Njo salamu yetu ilibaki hiyo. Sikujua kama ni yeye kweli, labda mwingine alikuwa anagonga, lakini ile kugonga ilikuwa na mchezo ndani yake, kama yeye.

Mu safu ya ku dirisha nilibaki peke yangu. Nilijichora mwenyewe ile alama. Ilitoka vibaya, ikatiririka mpaka ku kidevu. Mukwe alijifunika tena, na sasa hakukuwa na mwingine wa kumufunua. Nikatafuta namna. Nilikuwa nakuja mpaka ku kitanda nikitembea kinyumanyuma, mugongo kwake, nikanyoosha kikombe nyuma yangu na kungoja. Kwanza hakuna. Kisha siku moja nikasikia kikombe kinakuwa chepesi. Termometre vile vile: ninaitoa nyuma, anaitwaa, anaiweka mu kwapa, ananirudishia. Bagonjwa bengine banaangalia sisi kama sinema. Lakini termometre ilikuwa inapanda. Masere alimupiga sindano ya penisilini, akamusikiliza mugongo, akaniita pembeni.

"Yule mama hapana kulala chini. Kukaa. Weye kushika yeye, kupa maji, kidogo, kidogo. Kama kulala chini, kufa. Kusikia?"

"Ndiyo, masere."

Lakini kumushika, sikumushika. Nilimupangia mito nyuma ya mugongo bila kuangalia, naye kila mara aliteleza chini, mu shuka yake.

Asubuhi moja nilipita nyuma ya barake na kugonga bati. Nikangoja. Nikagonga tena. Upepo ulikuwa unasukuma majani makavu ku kichuguu. Nilienda kazini na bitambaa mu mikono, na bado nilikuwa najiambia analala.

Mama mwenye kufagia njo aliingia mu paviyo na kusema mbele ya bote, akiegemea fagio. "Ule kijana wa Kasai alikufa. Balishamupeleka ku makaburi na kamio, ile lori. Hakuna hata muntu wa kumulilia. Yoo, batoto ba bantu."

Nilikuwa nimesimama mugongo ku kitanda cha mwisho, kikombe nyuma yangu. Nikasikia mukwe. Alianza kulia chini ya shuka, sauti nyembamba, kilio cha kwetu kabisa, "Mwana wa Kasai, mwana wa bantu, nani atamuambia mama yako," mpaka kikohozi kikamukata. Kikombe kilimwagika mu mukono wangu. Mimi sikulia. Machozi hayakukuja.

Sisi banafunzi tuliomba ruhusa ya kukaa kilio, kufanya matanga hata kidogo tu, chini, mu uwanja. Masere alikataa. "Kulia baadaye. Sasa kazi." Lakini macho yake yalikuwa mekundu, na alishika rozari mu mufuko wakati wote alipokuwa anatuambia.

Muchana wa ile siku jua lilikuwa linapiga mu dirisha. Nilifika ku kitanda cha mwisho, mugongo mbele, na kikombe hakikukamatwa. Nikangoja. Nikageuza macho kidogo, chini tu, ku miguu yake, kwa sababu miguu nilikuwa na haki ya kuiona.

Kucha zote zilikuwa zinafanana na ule mweusi, kama za muntu mwenye kukosa pumzi.

Juu zaidi, shuka ilikuwa inaingia mu mudomo wake na kutoka, inaingia na kutoka, haraka, haraka, na kila mara ilitoka kidogo tu.

Sijui kusema yote yenye nilifikiri. Nilimuona ule musichana ku waya na vidole vyake. Nikawaza: nikimushika mama yake, yeye ni dada yangu. Nikawaza: nisipomushika, nitaenda kusema nini ku waya? Na nikawaza bati. Kule nyuma nilikuwa na rafiki, na mukono wangu haukuweza kupita bati. Hapa hakuna bati. Hapa kuko shuka.

Nilienda ku kabati. Kitambaa cha rafiki yangu kilikuwa bado kule, kilichemushwa, cheupe, hakuna mwenye alikitwaa. Nikatoa changu chenye alama, nikafunga chake.

Nikarudi nikitembea mbele kama muntu yeyote, nikashika shuka na kuivuta mpaka kiunoni. Aliniangalia. Ilikuwa mara ya kwanza ninaona uso wake: mwembamba, midomo ya bluu, na macho ya binti yake kabisa. Aliniangalia mu macho muda mrefu. Nilidhani atavuta shuka. Mukono wake ukapanda, ukashika mukono wangu, hapa juu ya kifundo cha mukono, na kucha zikaingia mu nyama.

Nikapanda ku kitanda nyuma yake, nikamuinua, nikamuegemeza ku kifua changu kama muto. Alikuwa mwepesi kama kikapu. Nilimupa maji na kijiko, kidogo, kidogo. Alikohoa bitu bibaya mu kitambaa, nikamufuta. Nilimuosha uso na shingo. Moyo wangu ulikuwa unapiga mugongo wake na hakika aliusikia. Masere alipita, akaangalia, akatingisha kichwa na kuendelea. Kucha za mukwe zilibaki mu mukono wangu mpaka jua liliacha dirisha, kisha vidole vilifunguka vyenyewe na jasho likamutoka, jasho jema, na akalala.

Kuanzia pale nilifunga kile kitambaa cheupe kila siku. Hakuuliza jina langu. Sikutoa sauti. Alikunywa, alikula, siku moja alikataa supu na kugeuza mudomo, na nilikumbuka: maji ya kuoga batoto. Nilitamani kucheka na sikuwa na muntu wa kucheka naye.

Lakini mu paviyo macho ni mengi. Habari ilifika inje ya waya: kuko kijana alimubeba ule mama kama mutoto muchanga. Mujomba ya ule musichana, kaka ya mukwe, alikuja na baisikeli kutoka Kipushi, kule anafanya kazi mu mugodi. Alisimama ku waya, kofia mu mukono.

"Kijana, toa kile kitambaa nione uso. Ni weye?"

"Ni mimi, baba."

"Dada yangu, ulimushika ao haukumushika?"

Mudomo wangu ulifunga, kama mu darasa. Jibu nililijua.

"Ninakuuliza na heshima. Siko na hasira. Kama uliokoa yeye, Mungu akubariki, utakuwa mwana wetu. Lakini hautaoa. Kuku ya baba yako itarudi. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Basi sema."

Alingoja, akapangusa vumbi ku kofia. "Tutamuuliza yeye mwenyewe, siku ya kutoka, mbele ya baba yako," akasema.

Siku ya kutoka nilijichora alama nyekundu, kubwa kuliko zote. Balisimama ku mulango wa lopitali: baba yangu na koti yake ya misa ya Siku ya Mungu, mujomba, baba mukwe, na ule musichana. Mimi nilisimama pembeni ya njia kwa sababu masere alinipa mizigo ya mama nibebe.

Mukwe alitoka polepole. Binti yake alienda kumushika bega. Mujomba alimusalimia vizuri, akamuuliza usingizi, akamuuliza kifua, kisha akauliza ile.

"Dada, banasema kijana alikubeba mule ndani. Ni nani?"

Alisimama kupumua. Nilikuwa naangalia miguu yake. Ule ukucha ulibaki mweusi peke yake.

"Ni ule wa Kasai," alisema.

"Ule mwenye alikufa?"

"Njo ule. Ule mwana alinibeba, alinipa maji, alinifuta kama mama yake. Hana muntu hapa. Munataka kuuliza mengine, mumuulize Mungu."

Akaanza kutembea tena, na alipofika karibu yangu alivuta kitenge kutoka mabegani, akafunika kichwa na uso wote, akatoka mu njia akapita ku majani. Mimi niligeuka uso ku waya. Nyuma yangu nikasikia baba yangu akitoa pumzi kama muntu mwenye kutua gunia.

Tulipopata ruhusa, kisha gripi kupunguka, kilio cha rafiki yangu kilifanyika mu lupango, uwanja wa nyumba ya mukwe wangu. Yeye njo alitaka. Alisema muntu mwenye kumubeba hawezi kwenda bila moto na bila mikeka. Balileta magogo, majirani bakakuja, banamuke bakakaa chini, na bantu ba Kasai ba mutaa bakakuja pia balipoelezwa. Mimi nilikaa ku mwisho wa uwanja, karibu na ua wa miti, mugongo ku nyumba, sawa vile mukwe mwanaume anapashwa. Ndani, mukwe alikuwa analia na kuimba, sauti bado ya kukwaruza. Alimuita Mwana wa Kasai. Aliimba namna yeye mwenyewe alikataa supu akapewa kijiko cha maji. Aliimba moyo wenye kupiga mugongoni.

Pale njo machozi yalikuja. Nilimulilia rafiki yangu mpaka pua ilifunga, na sikuona haya hata kidogo, juu bote balikuwa banalia.

Ule musichana alinikuta pale na beseni ya kunawa na bukari. Alipiga magoti, akashika birika ya maji. Lakini hakumwaga.

"Mama iko nauliza kitu," alisema, bila kuniangalia.

"Nini?"

"Anauliza kama mukono yako ilishapona."

Nilikuwa nimevaa shati ya mikono mirefu, na ku joto lile la moto nilikuwa nimefunga kifungo. Kisha nikafungua kifungo, nikapandisha, nikanyoosha mikono yote miwili juu ya beseni. Aliona zile alama za kucha za mama yake. Akamwaga maji polepole juu yake, mpaka birika ikaisha, na hakuuliza tena.